Sanduku na Mizani: Uwakili wa Mali ya Wote katika Historia ya Vyama vya Huduma

Utangulizi

Tanzania ina Nyarugusu mbili. Moja iko Kasulu, mkoani Kigoma. Hiyo ni kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia vita katika nchi iliyoitwa wakati ule Zaire, na jina lake limeandikwa katika taarifa za mashirika ya misaada ya dunia nzima. Nyingine iko Geita, katika ukanda wa dhahabu unaotoka Shinyanga na Kahama kuelekea Ziwa Victoria. Hii ya pili ina maduara, makarasha, mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu, maduka, nyumba za ibada za kila dhehebu, na watu waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta riziki. Makala hii inaanzia katika hii ya pili, ingawa mambo yaliyowapata wakimbizi nayo yatatugusa.

Mtu aliyewahi kukaa na wachimbaji wadogo anajua jambo moja. Mawe yenye dhahabu yanapopandishwa kutoka duarani hujazwa katika mifuko, na mifuko hiyo hugawanywa palepale juu, mbele ya wote wenye haki: mwenye leseni, mwenye duara, na vijana walioshuka chini. Mifuko huhesabiwa kila mtu akiona. Hapana shaka dhuluma ipo machimboni, tena ni nyingi. Hata hivyo kijana asiyejua kusoma hakubali kuelezwa kesho yake kwamba fungu lake lilikuwa kiasi fulani. Anataka kuwapo wakati wa mgao.

Ilitupasa tujifunze kwao mapema zaidi. Miaka michache baada ya kubarikiwa katika kazi ya uchungaji tulitumwa kuhudumu katika usharika mmoja wa ukanda huu. Duara lilikuwa limeporomoka na kuua vijana kadhaa, wakaacha wajane na watoto. Washarika wakachanga; wachimbaji wasio wa kanisa letu nao wakachanga; baadaye marafiki wa ng'ambo wakatuma fedha. Tukaunda mfuko wa yatima. Mwenyekiti alikuwa mchungaji. Katibu alikuwa mwinjilisti anayefanya kazi chini ya mchungaji. Mtunza hazina alikuwa mzee mwema ambaye hakupenda kuuliza maswali mbele ya mchungaji. Daftari lilikaa nyumbani kwa mchungaji. Kila baada ya miezi sita tuliwapelekea wafadhili taarifa iliyochapwa vizuri, yenye picha za watoto katika sare mpya.

Mwaka wa tatu, katika mkutano wa usharika, mama mmoja mjane alisimama akauliza, "Baba Mchungaji, kwa jina la mwanangu zimekuja shilingi ngapi?" Hatukuwa na jibu. Fedha hazikuwa zimeibwa, lakini hatukuweza kumwonyesha kwamba hazikuibwa. Tangu siku ile michango ya wenyeji ilikoma. Wafadhili walipopata wito mwingine wakaacha kutuma, na mfuko ukafa. Baadhi ya watoto waliacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba. Wawili kati yao tuliwaona baadaye machimboni wakiponda mawe.

Tangu hapo tumejiuliza kwa nini vyama vya huduma vinavyoanzishwa kwa nia njema na kuongozwa na watu wanaomcha Mungu hufa mapema namna hii. Katika makala hii tunakusudia kulitafuta jibu katika historia: ya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ya wadhamini wa mali za Kanisa, ya huduma kwa wakimbizi, na ya sheria za nchi. Historia hiyo inatufundisha kwamba chama hudumu pale ambapo hesabu hutolewa kwanza kwa wale waliochanga na wale wanaohudumiwa. Taarifa kwa wafadhili, kwa dayosisi na kwa serikali ni za lazima, lakini haziwezi kuziba pengo hilo.

Mizani ya wakulima wa pamba

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa ushirika wa pamba. Msomaji aweza kusema kwamba ushirika ulikuwa chama cha biashara. Ni kweli. Lakini ulikuwa pia chama cha hiari kilichoshika mali ya watu wengi kwa niaba yao, na maswali yake ya uongozi ni yaleyale yanayovikabili vyama vya huduma. Tena ulizaliwa na kukua katika nchi hii ya Usukuma na Uzinza, ambayo Geita ni sehemu yake.

Wasukuma hawakuanza kuungana kwa sababu ya pamba. Tangu zamani walikuwa na vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu, vilivyoongozwa na nsumba ntale aliyechaguliwa na wenzake. Baada ya Vita Kuu vya Pili kilimo cha pamba kilipanuka sana kusini na magharibi mwa ziwa. Mkulima alibeba pamba yake hadi kituo cha mnunuzi, na hapo akakutana na mizani isiyokuwa mikononi mwake. Wanunuzi wengi wakati ule walikuwa wafanyabiashara wa Kiasia. Malalamiko ya kupunjwa katika uzito yalienea, na wakulima wakaanza kujiwekea wapimaji wao wenyewe ili wawe na namba yao ya kulinganisha na ile ya mnunuzi.

Yafaa tulitafakari jambo hili. Kabla ya kuwa na ofisi, magari au viwanda, ushirika ulikuwa na haki ya mtu mdogo kuangalia mizani. Paul Bomani, mwana wa mchungaji wa Kiadventista aliyewahi kufanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, alizunguka vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwahimiza wakulima waunde vyama vya msingi. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi VFCU, Bomani akiwa meneja mkuu. Huko Kasamwa, wilayani Geita, shirikisho lilipata kiwanda cha kuchambua pamba, miongoni mwa viwanda vyake vya kwanza. Kufikia mwaka 1959 pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilikuwa ikipitia katika ushirika. Huo ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vilivyomilikiwa na Waafrika katika bara zima, nao ulijengwa na watu ambao wengi wao hawakupata kusoma.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ushirika ulikua kwa kasi kuliko uwezo wake. Vyama vya msingi vilihesabika kwa mamia. Makato kwa ajili ya viwanda, majengo na gharama za ofisi yaliongezeka, na mkulima hakuelezwa kila kato lilikuwa la nini. Wajumbe wa kamati walikaa katika viti vyao mwaka baada ya mwaka. Kazi zilitolewa kwa ndugu na jamaa. Bei ya pamba iliposhuka katikati ya miaka ya 1960, manung'uniko yakawa makubwa. Na miongoni mwa manung'uniko hayo yalikuwamo yale ya zamani: kwamba mizani inapunja. Safari hii mizani ilikuwa ya chama chao wenyewe.

Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini. Kamati ilikuta wizi na upendeleo, lakini haikuishia hapo. Ilisema kwamba wanachama hawakujua haki zao wala shughuli za chama chao. Kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Kwamba demokrasia iliyokuwako katika chama cha msingi ilipotea katika chama kikuu. Na kwamba siasa iliingilia kwa urahisi. Kwa maneno mengine, wezi walipata nafasi kwa sababu wenye mali walikuwa wameondoka mizanini.

Dawa iliyotolewa ilikuwa kuhamishia usimamizi juu. Vyama vikuu kadhaa, VFCU likiwamo, viliwekwa chini ya usimamizi wa serikali, na baadaye nafasi ya shirikisho ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, na Mamlaka ya Pamba ikanunua pamba moja kwa moja kutoka vijijini. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama hivyo virudi, lakini vilirudi kwa amri ya serikali kama vile vilivyovunjwa kwa amri yake. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katikati ya miaka ya 1990, chama kikuu kilichokuwa na madeni hakikuweza kushindana nao. Wazee wa ukanda huu wanapoyaona majengo ya zamani ya ushirika husema ni "ya serikali". Baba zao walikatwa fedha za pamba kuyajenga.

Wadhamini wa Kanisa

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya wakulima peke yao. Kanisa letu lina historia yake ya mali iliyoshikwa kwa niaba ya wengine.

Tunapotaja "bodi ya wadhamini" katika vikao vyetu, wachache wanakumbuka kwamba neno hilo liliingia katika maisha ya misheni zetu kwa njia ya mkataba wa amani. Vita Kuu vya Kwanza vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 438, ulielekeza kwamba mali za misheni za Kijerumani katika nchi zilizotwaliwa zikabidhiwe bodi za wadhamini walioteuliwa au kukubaliwa na serikali, na ambao ni wa imani ileile ya misheni husika. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig walifukuzwa kutoka Kilimanjaro. Baadaye Sinodi ya Augustana ya Marekani ilituma watu kusaidia. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini, na misheni zikabaki yatima mara ya pili.

Katika vipindi vyote viwili kazi haikufa. Ilishikwa na walimu na wainjilisti Waafrika, waliofundisha, waliozika wafu na kukusanya sadaka, mara nyingi bila mshahara wa kutosha. Lakini ardhi, majengo na hati zilikuwa mikononi mwa wengine. Mkataba ulitaka wadhamini wawe wa imani moja na misheni; haukudai watoke miongoni mwa Wakristo wa mahali penyewe. Hivyo wenye kazi na wenye hati wakawa watu mbalimbali. Hali hiyo ilianza kubadilika kisheria hatua kwa hatua: Sheria ya Uandikishaji wa Wadhamini ilitungwa mwaka 1956, na makanisa yetu yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mali zikawa za Kanisa la wenyeji.

Badiliko hilo lilikuwa kubwa na la baraka. Lakini mwenye hati aweza kubadilika bila desturi ya kutoa hesabu kubadilika. Ikiwa mwinjilisti wa mwaka 1930 hakuulizwa neno juu ya shamba la misheni kwa sababu wadhamini walikuwa mbali, na msharika wa leo haulizwi neno juu ya shamba la usharika kwa sababu wadhamini wako makao makuu, hatuna budi kukiri kwamba kwake yeye hakuna kilichobadilika.

Hesabu za wakimbizi

Mfano wa tatu ni wa huduma kwa wakimbizi, ambayo Walutheri wa Tanzania wameishiriki kwa muda mrefu. Mwaka 1964 Shirikisho la Walutheri Duniani liliunda hapa nchini Huduma ya Kikristo ya Wakimbizi Tanganyika, iitwayo TCRS, kwa ushirikiano na Baraza la Kikristo na serikali. Ilianza na wakimbizi kutoka Rwanda, na tangu mwaka 1972 ikafanya kazi kubwa miongoni mwa Warundi katika makazi kama Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Kwa zaidi ya miaka 40 kazi hiyo ilikuwa tawi la chombo chenye makao yake Geneva. Mwaka 2006 TCRS ikawa shirika la Kitanzania. Twaona hapo hatua iliyo njema, ingawa ilichukua muda mrefu: mamlaka yalisogezwa karibu na mahali pa kazi.

Mamlaka yanapokuwa mbali na kazi ni ya haraka, hatari ni kubwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji katika siku chache. Chakula kilipaswa kugawiwa mara moja, na njia iliyoonekana rahisi ilikuwa kuwatumia viongozi wa wilaya waliofika pamoja na watu wao. Viongozi hao ndio waliotoa orodha ya majina, na ndio waliopokea chakula kwa niaba ya watu. Orodha zilizidi idadi ya watu halisi. Aidha, baadhi ya viongozi hao walikuwa wameshiriki mauaji ya kimbari, na kwa kushika chakula waliendelea kushika roho za watu. Kabla ya mwaka kwisha tawi la Kifaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka kambini. Tathmini ya pamoja iliyotolewa na nchi na mashirika mengi mwaka 1996 ililaumu vikali upungufu wa uratibu na uwajibikaji, na mwaka 1997 mashirika yakaanza kuandika viwango vya pamoja vya huduma ya dharura.

Tukiitazama Benaco kwa macho ya mkulima wa pamba tunaona kwamba magunia ya chakula yalihesabiwa bandarini, njiani na ghalani, na taarifa zikaenda Geneva na Roma. Aliyekosa nafasi katika hesabu hiyo ni mama aliyesimama na sufuria yake mwisho wa safu. Hakujua jina lake liliandikiwa kilo ngapi.

Sheria za nchi na mipaka yake

Nchi yetu haikukosa sheria za kusimamia vyama. Sheria ya Vyama ya mwaka 1954 ilimpa Msajili uwezo wa kuandikisha au kukataa. Tangu mwaka huohuo hadi mwaka 1958 chama cha TANU kilizuiwa kufanya kazi Usukumani, wakati vyama vya ushirika, vilivyoandikishwa chini ya sheria nyingine ya mwaka 1932, viliendelea. Tangu mwanzo, basi, usajili ulikuwa chombo cha kulinda wananchi na pia chombo cha kuwadhibiti.

Sura hizo mbili zilionekana tena baada ya vyama vya hiari kuongezeka sana katika miaka ya 1990. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilisimamishwa mwaka 1996 na kufutwa mwaka 1997. Mahakama Kuu ilitoa uamuzi wa kulitetea mwaka 2009, wakati kazi yake ilikuwa imekwisha kuzimika. Kwa upande mwingine zilianza kusikika habari za vyama vya mfukoni, yaani vyama ambavyo mwanzilishi ndiye mwenyekiti, mkewe ndiye mtunza hazina, na ofisi ni mkoba wake. Sera ya mwaka 2001 na Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali zilikusudia kuweka utaratibu. Kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yatangaze fedha zinazozidi shilingi milioni 20 na kuwasilisha mikataba yake serikalini, na mabadiliko ya mwaka 2019 yaliongeza mkazo juu ya hesabu zilizokaguliwa.

Katika ukanda wa dhahabu kuna fedha za aina nyingine pia. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, na mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalizitaka kampuni zitayarishe kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii kwa makubaliano na halmashauri. Madarasa na zahanati zimejengwa kwa njia hiyo. Hata hapa swali linabaki: je, mwanakijiji aliyepewa darasa anajua liligharimu kiasi gani?

Sheria hizi zinafaa, na Mkristo azitii. Lakini tuone zinaelekea wapi. Zote humtaka kiongozi wa chama atazame juu, kwa Msajili, kwa Hazina, kwa mkaguzi. Mfuko wetu wa yatima ungeweza kutimiza kila kifungu na bado ukakosa jibu la yule mama mjane.

Sanduku katika Maandiko na katika Matengenezo

Maandiko hayakunyamaza juu ya jambo hili. Katika 2 Wafalme 12 tunasoma kwamba mfalme Yoashi aliwaachia makuhani fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana, na hata mwaka wa ishirini na tatu wa kutawala kwake mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Mwandishi hasemi kwamba makuhani waliiba. Anasema tu kwamba kazi haikufanyika. Ndipo Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu mahali ambapo kila aingiaye aliliona. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakazihesabu, wakazifunga katika mifuko, na zikakabidhiwa wasimamizi wa kazi zikiwa zimepimwa.

Watunza hazina wengi hupenda kutaja aya ya 15, isemayo kwamba wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Tumeisikia ikitumika katika vikao zaidi ya mara moja. Lakini aya hiyo inakuja baada ya sanduku, tundu, watu wawili wa kuhesabu, mifuko na mizani. Aliyetangulia kuhesabu hadharani ndiye aliyeaminiwa baadaye.

Mtume Paulo alitenda vivyo hivyo. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba katika kuipeleka changizo ya watakatifu anafuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu, naye aangalie yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Paulo hakuona kwamba utume wake unamwondolea haja ya shahidi.

Sisi Walutheri tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, katika Saksonia, ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja kwa ajili ya wachungaji, shule, maskini, yatima na wazee, na Martin Luther akauandikia dibaji. Wasimamizi walikuwa 10, wakichaguliwa kila mwaka na mkutano wa usharika: wawili kutoka kwa watu wa ukoo bora, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa kawaida, na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli 4, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Mkulima asipokuja, sanduku halifunguki. Mara tatu kwa mwaka hesabu ilipaswa kusomwa mbele ya mkutano.

Tusiifanye Leisnig kuwa hadithi tamu. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali zilizopaswa kuingia katika sanduku, na Luther mwenyewe alilalamika. Utaratibu mzuri haukuweza kumshinda mwenye nguvu asiyetaka kushiriki. Hata hivyo uliacha jambo moja bila fumbo: maskini na mkulima ni miongoni mwa wenye ufunguo.

Mafunzo kwa wachungaji

Kutokana na haya tungependa kuwaambia wenzetu katika huduma, na hasa wanafunzi wanaojiandaa kwenda sharikani, mambo manne.

Kwanza, mchungaji asishike daftari. Anaweza kuwa mlezi wa mfuko, anaweza kuwa mjumbe, lakini mwenyekiti, katibu na mtunza hazina wasiwe watu wanaomtegemea yeye kwa mkate wao. Heshima tunayopewa na washarika ni zawadi, nayo huwa mtego pale inapomzuia mzee kuuliza.

Pili, wanaohudumiwa wawe na kiti. Mfuko wa wajane uwe na mjane kikaoni, tena zaidi ya mmoja, kwa maana mtu mmoja kati ya wakubwa hunyamaza. Kama kamati ya mwaka 1966 ilivyoona, demokrasia hupotea chama kinapopanda ngazi. Basi kila ngazi ihakikishe wenye mali hawakuachwa chini.

Tatu, hesabu isomwe mahali pa watu na kwa lugha yao. Taarifa ya Kiingereza kwa wafadhili haina budi kuwa na ndugu yake wa Kiswahili katika ubao wa usharika, na inapofaa isemwe kwa Kisukuma baada ya ibada. Namba ziwe chache na wazi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na nani alipokea.

Nne, kiongozi aondoke kwa wakati wake. Kamati za ushirika zilioza kwa kukaa. Katiba nyingi za vyama vyetu zinataja miaka mitatu au minne, kisha zinaongeza kwamba mtu aweza kuchaguliwa tena, na hilo neno "tena" huliwa bila kikomo.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Wengine watasema kwamba kusoma hesabu hadharani katika mji wa machimbo ni kuwaita majambazi. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu fedha ziwekwe benki kwa sahihi tatu, ili kinachosomwa kiwe namba tu. Wengine watasema washarika hawaelewi mahesabu. Wakulima waliojiwekea wapimaji wa pamba hawakuwa wahasibu, na vijana wanaohesabu mifuko duarani si wahasibu.

Hitimisho

Tumepita katika historia ya wakulima walioanza kwa kudai mizani na wakaipoteza, ya Kanisa lililopokea hati za mali yake hatua kwa hatua, ya wakimbizi walioandikwa wasijue walichoandikiwa, na ya sheria zinazotazama juu. Katika yote tumeona kwamba wema wa viongozi haukutosha, na kwamba ukali wa wasimamizi kutoka juu nao haukutosha.

Yule mama hakurudi tena katika mkutano wa usharika wakati tulipokuwa pale, ingawa aliendelea kuja ibadani na kutoa sadaka yake. Tulipokaribia kuhama tulikwenda nyumbani kwake na daftari lote, tukamsomea mstari kwa mstari, pamoja na mistari ambayo hatukuweza kuieleza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba mwanawe wa kwanza amekwisha kwenda machimboni, lakini yuko mdogo wake darasa la tatu, na mfuko mwingine ukianzishwa, aitwe siku ya kuhesabu.

Ombi hilo tunalipeleka kwa wenzetu wote wenye funguo za masanduku.